Ng'ombe Bila Kibali: Historia ya Mfugaji Mahakamani

Shauri la mfugaji aliyekamatwa na ng'ombe ndani ya pori la akiba huwa fupi. Mwendesha mashtaka ana mambo mawili ya kuthibitisha: mifugo ilikutwa wapi, na kwamba mwenyewe hakuwa na kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Yakithibitika, kinachofuata ni faini, kifungo au mifugo kutaifishwa. Lipo jambo la tatu ambalo halimo katika hati ya mashtaka, wala hakimu wa wilaya hana mamlaka ya kulichimba: ilikuwaje malisho ya babu yakawa mahali pa kuombea ruhusa? Jibu lake limetawanyika katika sheria za tawala tatu na hukumu zilizotolewa Mombasa, Arusha, Moshi na Dar es Salaam. Ni historia ya zaidi ya miaka mia moja, na inaanza na ugonjwa.

Nyika iliyoonekana tupu, 1890–1913

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Umasaini ikitokea kaskazini. Iliua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, ikafuatwa na ndui na njaa. Maeneo yaliyokuwa yamejaa maboma yakabaki vichaka. Wajerumani na Waingereza walikuwa wakichora mipaka yao katika miaka hiyohiyo, kwa hiyo nyika waliyoiona ilikuwa nyika iliyofiwa. Wao wakaiandika kuwa haina mwenyewe. Mwaka 1895 amri ya Kaisari ilitangaza kwamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Katika amri ile, aliyehesabiwa mwenyewe kwa urahisi ni mkulima mwenye shamba linaloonekana. Mfugaji aliyehama na mvua, akaacha nyasi za kiangazi zipumzike, hakuwa na cha kuonyesha siku afisa alipopita.

Upande wa Waingereza, mambo yalianza kwa mkataba. Mwaka 1904 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ilikubaliana na Olonana na viongozi wengine wa Kimasai kwamba Wamasai waondoke katika Bonde la Ufa, wapewe maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini. Mkataba ulisema yatakuwa yao kwa muda wote watakaokuwepo kama kabila. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawataka wa Laikipia nao wahamie kusini ili walowezi wapate malisho yale. Watu wasiopungua 10,000 wakaswagwa pamoja na mifugo yao, na wengi wao wakapoteza ng'ombe njiani.

Kundi lililomfuata Legalishu, kiongozi wa Wamasai wa Laikipia, lilichagua kwenda mahakamani. Kesi ya Ole Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyosikilizwa mwaka 1913, ilidai kwamba mkataba wa 1911 haukuwafunga na kwamba walipwe mifugo iliyokufa. Mahakama haikuingia kabisa katika haki ya malisho. Ilisema Wamasai ni taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi wa Uingereza, mikataba yao ni ya kimataifa, na mahakama ya ndani haina uwezo wa kuitafsiri. Mwezi Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani iliyokaa Mombasa ikakubaliana na hukumu ile. Kwa maneno mengine, watu walioondolewa kwa amri ya serikali waliambiwa kwamba mbele ya sheria ya serikali hiyohiyo wao ni wageni. Hoja ile ilirudi mara nyingi baadaye ikiwa imevaa nguo nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoamua kesi nyingi kuliko ushahidi wowote wa kwato na nyasi.

Ardhi yote kuwa ya umma, 1923–1959

Tanganyika ilipokabidhiwa kwa Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitamka kwamba ardhi yote, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma chini ya usimamizi wa Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Tamko hilo ndilo mzizi wa kila kinachofuata. Kuanzia siku ile hapakuwa tena na malisho yaliyo nje ya mkono wa serikali. Kilichobaki ni haki ya kutumia, na mwenye kuitoa alikuwa Gavana.

Walioona hatari ya jambo hilo walipata marekebisho ya 1928, yaliyotambua kwamba mwenyeji au jamii ya wenyeji inayotumia ardhi kwa mila yake inayo haki hata bila karatasi. Kwa mfugaji hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa jamii, na si mtu mmoja tu, ilitajwa. Lakini maofisa wengi waliendelea kuichukulia haki hiyo kama hisani inayoweza kuondolewa.

Wameru walilijua hilo mwaka 1951. Takriban watu 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe wao hapo. Mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York mwaka 1952 na kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton wa Moshi. Safari ile haikurudisha ardhi wakati ule, ila ilifungua macho ya nchi nzima, na TANU iliyozaliwa miaka miwili baadaye ilinufaika na mwamko huo. Natua hapa kwa sababu moja: watu walifukuzwa, lakini ng'ombe kama kazi ya ardhi ile walibaki. Kilichobadilika ni mwenye ng'ombe.

Miaka hiyohiyo sababu mpya ya kuwaondoa wafugaji ilikuwa ikikomaa, nayo ni wanyamapori. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliwekewa mipaka mwaka 1951, na Wamasai walihakikishiwa kwamba hawatasumbuliwa. Baada ya mabishano ya miaka kadhaa, mwaka 1958 laigwanani 12, yaani viongozi wa kimila wa Kimasai, walikubali kwa maandishi kuiacha Serengeti ya magharibi. Mwaka uliofuata Ngorongoro ilitengwa kuwa eneo ambapo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Wazee wengi wa upande ule wameendelea kuiita hiyo ahadi. Mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta ya Ngorongoro waliondolewa.

Ngano ya Hanang, 1970–1994

Uhuru haukugusa mzizi wa 1923. Mahali palipoandikwa Gavana paliandikwa Rais, na ardhi ikabaki ya umma. Nia ilikuwa njema: Nyerere hakutaka ardhi iwe bidhaa sokoni, isije ikaangukia mikononi mwa wachache. Lakini mpango huo ulimfanya msimamizi wa ardhi kuwa ndiye pia mwenye mashirika yanayoitaka.

Hilo lilidhihirika katika tambarare za Basotu, wilayani Hanang. Wabarabaig walikuwa na mzunguko wao wa malisho: milimani, kando ya ziwa, vichakani, kisha kwenye bonde lenye rutuba wanaloliita muhajega, ambako nyasi zilikuwa bora kuliko pengine pote. Mzunguko ulitegemea kila kituo kupumzishwa kwa zamu. Kuanzia 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianza kulima ngano palepale muhajega. Mashamba yakaongezeka hadi saba, takriban ekari 100,000. Wataalamu walihesabu kwamba Wabarabaig wamebakiwa na sehemu kubwa ya wilaya. Hawakuhesabu kwamba zamu moja ikiondolewa, ng'ombe hulazimika kurudi mapema kwenye malisho ambayo hayajapumzika, na wilaya nzima huanza kuchoka. Njia za kwenda majini na kwenye chumvi zilikatwa na trekta. Makaburi ya wazee yalilimwa. Aliyepitisha ng'ombe njia aliyopita baba yake sasa alikuwa mvamizi wa shamba la shirika la umma, na walinzi walimkamata, wakamtoza faini, mara nyingine wakampiga.

Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walifungua kesi. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa ushindi, ikikubali kwamba walikuwa na haki ya kimila juu ya ardhi ile. NAFCO ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, na sababu zake zinastahili kusomwa polepole. Ilisema halmashauri ya kijiji haikuonyesha kwamba iligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, kwa maana kuandikishwa kuwa kijiji hakukuwa sawa na kupewa ardhi. Ikasema pia kwamba haikuthibitishwa kuwa wadai ni wenyeji kwa maana ya sheria iliyolinda haki za kimila. Mwaka 1913 wafugaji walishindwa kwa kuwa ni taifa la kigeni. Miaka sabini na kitu baadaye, katika nchi huru, wengine wakashindwa kwa kutothibitisha kwamba ni watu wa hapo.

Kesi nyingine zilifuata Hanang, na serikali ikazijibu kwa matangazo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitangaza kufutwa kwa haki za kimila katika maeneo ya mashamba yale. Sheria ya mwaka 1992 ilijaribu kufanya hivyohivyo kwa vijiji vingi nchini na kuzuia mashauri yasifike mahakamani. Tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga iliundwa kuchunguza ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba ya ngano, baada ya malalamiko ya Wabarabaig kufika hadi Kanada.

Geuko lilikuja mwaka 1994, na halikuletwa na mfugaji bali na baba na mwanawe wa wilaya ya Mbulu waliokuwa wakidai shamba lao. Jaji Mkuu Francis Nyalali aliandika hukumu iliyosema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, na mali inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Haiwezi kuchukuliwa bila fidia. Alieleza pia kwamba Rais anaishika ardhi ya umma kwa dhamana kwa ajili ya wananchi, na mdhamini hawezi kuwanyang'anya anaowashikia. Hukumu hiyo, inayojulikana kwa jina la baba, Akonaay, ndiyo silaha bora zaidi iliyowahi kuwekwa mikononi mwa mfugaji wa Tanzania. Ila silaha hiyo ilikuwa na sharti: lazima kwanza athibitishe kwamba haki ya kimila anayo.

Mkomazi, 1951–1999

Sharti hilo ndilo lililowaangusha wafugaji wa Mkomazi. Pori la Akiba la Mkomazi lilianzishwa mwaka 1951 katika nyika iliyo kati ya milima ya Upare na Usambara na mpaka wa Kenya, likipakana na Tsavo. Waliokutwa humo waliruhusiwa kubaki, wakiandikishwa. Wakati ule ilionekana kama huruma. Kumbe ndiyo hatua iliyogeuza mkazi kuwa mwenye kibali, na kibali hufutwa.

Idadi ya mifugo ilipanda kwa miongo mitatu, wengine wakahamia kutoka nje, na maofisa wakawa na hofu juu ya nyasi na wanyama. Hofu hiyo haikuwa ya uongo yote. Nyika ile ina mvua chache, na makundi yalikuwa makubwa. Lakini serikali haikutofautisha aliyeandikishwa na aliyefika juzi. Kufikia katikati ya mwaka 1988 wote walikuwa wameondolewa, wengi wakisukumwa kwenye ukanda mwembamba kati ya pori na mashamba ya milimani, mahali ambapo ng'ombe akigeuka huku anakanyaga mahindi na akigeuka kule anavuka mpaka wa pori. Baadhi ya familia zilipoteza karibu mifugo yote.

Wadai 53 walikwenda Mahakama Kuu Moshi katikati ya miaka ya 1990, kisha Mahakama ya Rufani. Hukumu ya 1999, inayojulikana kwa jina la Lekengere Faru Parutu Kamunyu na wenzake 52, ilisema hawakuthibitisha haki ya asili juu ya Mkomazi, kwa kuwa Wamasai hawakuwa wa kwanza kufika. Wapo waliowatangulia. Ombi la kurudi likakataliwa.

Siioni haki katika kipimo hicho. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita kati ya Usambara na Kilimanjaro waliandika juu ya Wakwavi na Wamasai katika nyika ile. Na hata kama Wapare walikuwepo kabla, mila za ardhi za Afrika Mashariki hazijawahi kusema kwamba wa kwanza pekee ndiye mwenye haki. Mpare aliteremsha mbuzi, Mmasai akanywesha ng'ombe, na walijuana kwa majira. Kipimo cha nani alifika kwanza kikitumika kwa kila kabila la nchi hii, ni wachache watakaobaki na ardhi. Sheria ya 1928 ilizungumza juu ya anayetumia ardhi kwa mila yake, haikuzungumza juu ya wa kwanza. Mwaka 2008 Mkomazi ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa.

Sheria mbili juu ya ardhi moja, 1999–2009

Mapema miaka ya 1990 tume ya rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi ikisikiliza malalamiko ya ardhi. Ilipendekeza mzizi wenyewe ung'olewe: mamlaka ya juu ya ardhi yasiwe ya Rais, na ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikulikubali hilo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilibakiza ardhi ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Hata hivyo zilimpa mwanakijiji nguvu ambayo hakuwahi kuwa nayo: cheti cha ardhi ya kijiji, hati ya haki miliki ya kimila, na nafasi ya kutenga malisho ya pamoja.

Kisha mwaka 2006 na 2007 wafugaji wa bonde la Usangu waliondolewa na mifugo yao kwa maelezo kwamba walikausha kinamasi cha Ihefu na mto Ruaha Mkuu. Makundi yalisafiri mamia ya kilomita hadi Lindi na Pwani, na huko yakazaa migogoro mipya na wakulima. Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ndiyo iliyofunga kitanzi. Chini ya sheria ya zamani ya 1974, pori tengefu lilikuwa eneo la kudhibiti uwindaji tu. Watu waliishi humo, wakalima, wakachunga. Sheria mpya ilipiga marufuku kuchunga ndani ya pori tengefu bila ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi. Vijiji vingi vilikuwa ndani ya mapori hayo. Ardhi ileile ikawa malisho halali ya kijiji kwa sheria ya 1999 na mahali pa kosa la jinai kwa sheria ya 2009. Bunge lililiona tatizo, likamtaka waziri ayapitie mapori tengefu ndani ya miezi 12 na kuhakikisha ardhi ya vijiji haimo. Kazi hiyo haikukamilika kwa wakati, na katika pengo hilo mfugaji aliendelea kukamatwa.

Mwaka huohuo Tume ya Haki za Binadamu na Watu ya Afrika iliamua shauri la Waendorois, wafugaji wa Kenya walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili pawe hifadhi. Ilisema ardhi ilikuwa yao, warudishiwe. Uamuzi ulitangazwa 2010, na mawakili wa wafugaji wa nchi jirani wakaanza kuangalia mahakama zilizo nje ya mipaka.

Loliondo, 2009–2023

Loliondo ilikuwa na kila kitu kilichotajwa hadi hapa: ahadi za 1958, pori tengefu, vijiji vilivyosajiliwa, na tangu 1992 kampuni ya uwindaji ya OBC yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Dubai. Mgogoro ulihusu ukanda wa kilomita za mraba 1,500 unaopakana na Serengeti, ambao ndio malisho na maji ya kiangazi. Mwaka 2009 makazi yalichomwa moto. Mwaka 2013 wizara ilitangaza kuumega ukanda huo, na baada ya maandamano Waziri Mkuu Mizengo Pinda akausitisha mpango. Mwaka 2017 moto ukawaka tena.

Safari hii vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Septemba 2018 vilipata zuio: serikali isiwaondoe watu wala kukamata mifugo hadi shauri liamuliwe. Juni 2022, kabla hukumu haijatoka, vigingi vilichimbiwa chini ya ulinzi wa vyombo vya dola. Askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale, wananchi wakajeruhiwa kwa risasi, na wengine wakavukia Kenya kutafuta matibabu. Tangazo la Serikali namba 421 likaunda Pori Tengefu la Pololeti, na Oktoba mwaka huo tangazo jingine likaligeuza kuwa pori la akiba.

Septemba 30, 2022, mahakama ilitupa shauri. Ilisema wanakijiji hawakuthibitisha kwamba uchomaji wa 2017 ulifanyika katika ardhi ya vijiji na si ndani ya hifadhi ya taifa. Kwa mara nyingine kesi ilianguka juu ya kuthibitisha, na aliyebebeshwa mzigo alikuwa yule ambaye boma lake ni majivu.

Wakati mabishano hayo yakiendelea juu, chini ng'ombe walikamatwa. Faini ya shilingi 100,000 kwa kila ng'ombe imekuwa ikitozwa, na mwenye ng'ombe 200 anaambiwa atafute shilingi milioni 20 haraka. Asipoweza, mifugo hushikiliwa kama kielelezo. Kielelezo hiki hula, huugua, huzaa na hufa, kwa hiyo sheria inaruhusu kiuzwe kwa mnada kabla shauri halijaisha. Mfugaji anaweza kushinda kesi na kundi lake likawa limeshaingia machinjioni. Fedha za mnada haziwi kundi tena: hazina mbegu iliyochaguliwa kwa vizazi, wala ng'ombe wa mahari wanaofahamika kwa majina. Hapa ndipo sheria inapomwadhibu mtu kabla ya kumsikiliza, na ndipo inapohitaji kurekebishwa kwanza.

Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Arusha ilibatilisha tangazo namba 421 kwa kuwa wananchi walioathirika hawakushirikishwa kabla ya pori kutangazwa. Tangazo hilo lilikuwa limeshapitwa na lile la Oktoba 2022. Novemba 29, 2023, Kitengo cha Rufani cha Mahakama ya Afrika Mashariki kilitengua hukumu ya mwaka uliotangulia na kuamuru shauri la vijiji vinne lisikilizwe upya, mashahidi na ramani vipimwe tena. Lililobaki kuamuliwa lilikuwa mpaka wa vijiji unaishia wapi na wa Serengeti unaanzia wapi. Swali hilo lingeweza kujibiwa kabla ya moto wa 2017 kuwaka, kama waziri angeyapitia mapori tengefu ndani ya ile miezi 12 aliyopewa na Bunge.